Nilivyoitafutia SSD mashine yangu ya mwaka 2012

Msichana alifika na baba yake saa mbili kasorobo asubuhi, sijamaliza hata kufagia kibaraza. Walikuwa wametoka Sikonge jana yake, wakalala kwa ndugu yao Ipuli ili wawahi. Baba alikuwa ameishika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita, picha ndogo za pasipoti, na namba ya NIDA iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Walikuja kujaza maombi ya mkopo wa chuo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, kaeni hapo kwenye benchi, naiwasha mashine."

Nikaiwasha, tukasubiri. Vile vidoti vya Windows vikazunguka, vikazunguka tena. Baba akatazama saa ya ukutani, akatazama barabarani, akatazama tena saa. Mimi nilihesabu kwa saa yangu ya mkononi: dakika 5 na sekunde 40 tangu nilipobonyeza kitufe hadi kivinjari kilipokubali kufunguka. Baada ya hapo kila cheti nilichokiskani kilikwama njiani, skrini ikawa nyeupe, nikabaki nimeshika kipanya bila la kufanya. Tulimaliza saa sita kasoro. Gari walilotegemea kurudi nalo lilikuwa limeshaondoka.

Yule baba hakulalamika hata neno moja. Alisema, "Asante mama, umetusaidia," akalipa, akamtanguliza binti yake wakavuka barabara. Hiyo asante iliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma. Siku hiyo hiyo jioni niliamua kwamba mashine hii ama naitengeneza, ama naiondoa mezani.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mhazili. Nilisoma Chuo cha Uhazili hapa hapa Tabora, enzi za kupiga taipureta huku kitambaa kimefunika vidole ili usichungulie herufi, na hatimkato ubaoni kila asubuhi. Nilifanya kazi za ofisi miaka mingi, na sasa nina steshenari yangu ndogo Isevya: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, kulamineti, kujaza fomu za mtandaoni. Nasimulia haya kwa sababu kazi yangu yote imekaa juu ya karatasi za watu wengine. Mashine ikizembea, anayechelewa si mimi, ni yule aliyesimama mbele ya meza.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, niliyoinunua ya mtumba mwaka 2019. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Core i5-3470 ya Intel, ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2012. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa, ilikuwa GB 4. Hadidiski, inayotunza Windows na faili zote, ilikuwa ile ya kuzunguka, ya GB 500. Wateja wengi na hata vijana wa mtaani wananiambia, "Mama, hiyo ni zee, tupa nunua nyingine." Lakini mimi nimeshazoea kutafuta kosa lilipo kabla ya kumfukuza mtu kazi. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka lile dirisha linaloonyesha kazi za mashine. Prosesa ilikuwa asilimia 12. RAM ilikuwa imejaa kiasi. Diski ilikuwa asilimia 100, na ikabaki hapo hapo muda wote nilipokuwa nikitazama, wakati sijafungua kitu chochote.

Waliowahi kufanya kazi serikalini wanaijua masijala. Unaomba jalada, karani anainuka, anakwenda kwenye kabati, anapekua, analeta. Ukitaka jalada lingine, anainuka tena. Hadidiski ya kuzunguka ni masijala yenye karani mmoja. Sahani yake inazunguka mara 7,200 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8. Kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi kwenye mstari unaotakiwa, kisha kisubiri sehemu ile ya sahani ipite chini yake. Safari moja inakula milisekunde kumi na kitu. Kwa hiyo kwa sekunde nzima karani wetu anaweza kwenda na kurudi mara themanini hivi, basi. Sasa Windows inapoamka inaomba vijalada vidogo vidogo maelfu, kila kimoja kimewekwa kabati tofauti. Hapo ndipo dakika zangu tano zilipokuwa zikiishia.

SSD, ile diski mpya inayowekwa badala ya hadidiski, haina sahani wala kichwa. Ni vipande vya kumbukumbu, kama vilivyo kwenye fleshi lakini vya daraja la juu, na vina kidhibiti chake kinachojua kila kitu kimekaa wapi. Kukifikia kijalada kimoja ni karibu sehemu ya kumi ya milisekunde. Wauzaji wanapenda kuandika kasi ya kusoma faili kubwa kwenye boksi, megabaiti 500 na kitu kwa sekunde. Mimi nadhani namba inayomgusa mtu wa kazi yangu ni hiyo ya kukifikia kijalada, na haiandikwi mbele ya boksi.

Nilimpigia simu mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam, anayesoma mambo ya mitandao ya kompyuta.

"Shangazi, mashine yako ni ipi hasa?"

"Imeandikwa OptiPlex 7010."

"Sawa. Nitaiangalia, nikipata nakutumia kwa basi."

Baada ya siku nne nikaenda stendi kuchukua kifurushi. Ndani ya boksi dogo kulikuwa na kitu chembamba kama kipande cha chingamu, cha kijani, kina chipu tatu na meno ya shaba upande mmoja. Kilikuwa kizuri kukitazama. Nikazima mashine, nikachomoa waya, nikalaza boksi mezani na kulifungua. Vumbi la Tabora, wanaolijua wanalijua. Lilikuwa limetanda ndani kama unga wa muhogo. Nikalipuliza taratibu, nikatafuta mahali pa kuchomeka kile kipande. Nikatafuta kwa tochi. Hapakuwa na mahali.

Kisa chenyewe ni hiki, na nakieleza kwa urefu kwa kuwa najua kuna mwingine atakipitia. Jina la OptiPlex 7010 limetumika mara mbili. Kuna ya mwaka 2012, ambayo ndiyo yangu, na kuna ya mwaka 2023, yenye prosesa ya kizazi cha 13. Hiyo mpya ina tundu liitwalo M.2 linalopokea SSD nyembamba aina ya NVMe, kama ile niliyotumiwa. Yangu haina tundu hilo kabisa. Ina milango ya SATA tu, ile ya kuunganisha diski kwa waya. Mpwa wangu alitafuta jina mtandaoni, akakuta maelezo ya mashine mpya, akanunua kwa nia njema. Kosa lilikuwa letu sote wawili. Mimi nilimtajia jina badala ya kufungua boksi nikatazama, na yeye hakuniuliza mwaka.

Kama tungekuwa makini, kuna kibandiko nyuma ya mashine chenye herufi na tarakimu saba, kinaitwa Service Tag. Ukiziandika kwenye tovuti ya Dell, inakuonyesha mashine ile ile uliyonayo na vifaa ilivyotoka navyo kiwandani. Ningekuwa nimeanza hapo, nisingemsumbua mtoto wa watu kwenda Kariakoo mara mbili. Ile NVMe aliichukua mwenyewe, ikaingia kwenye laptopu yake, kwa hiyo hela haikupotea.

Fundi mmoja hapa mjini aliniambia zipo kadi za adapta: unachomeka NVMe kwenye kadi, na kadi unaichomeka kwenye tundu la PCIe, lile la kadi za nyongeza ndani ya mashine. Ni kweli zipo na ni rahisi. Ila mashine za umri huu nyingi haziwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe, kwa kuwa BIOS zake, yaani programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ziliandikwa kabla diski hizo hazijaenea. Utaiona diski baada ya Windows kufunguka, lakini Windows yenyewe itabaki kwenye hadidiski ile ile ya zamani, yaani ugonjwa umebaki palepale. Na hata ingewezekana, NVMe ya megabaiti 3,500 kwa sekunde ukilinganisha na SATA ya 550, kwa mtu anayefungua Word, kuskani vyeti na kujaza fomu, tofauti yake huioni kwa jicho. Tofauti kubwa unaivuka pale unapoiacha sahani inayozunguka.

Kwa hiyo nikajua ninachotafuta: SSD ya SATA, ya inchi 2.5. Plagi zake mbili, ya data na ya umeme, ni zile zile zilizokuwa zimechomekwa kwenye hadidiski yangu kubwa ya inchi 3.5. Chipuseti ya mashine yangu, yaani chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine, ni Q77 ya Intel; ina milango miwili ya SATA ya kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde na mingine ya gigabiti 3, kwa hiyo inafaa uchomeke diski ya kuwashia kwenye ile ya kasi. Mimi niliuacha waya ule ule uliokuwa kwenye hadidiski. Mwenye mashine ya zamani zaidi, yenye milango ya gigabiti 3 pekee, asikate tamaa. Atapata karibu nusu ya kasi ya faili kubwa, lakini karani wa masijala ataondoka vilevile.

Sasa kuchagua. Hapa ndipo nilipokaa wiki nzima, na sababu ni jambo lililonipata mwaka 2022.

Mwaka huo nilinunua SSD ya nje, ya kuchomeka USB, kwa mfanyabiashara mmoja wa jijini. Iliandikwa TB 2, yaani terabaiti mbili au GB 2,000, na bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilimshukuru Mungu. Kompyuta iliionyesha TB 2 kweli. Nikahamishia kazi zangu humo: mitihani niliyowachapia walimu, kadi za harusi, katiba za vikundi. Baada ya wiki chache mwalimu mmoja akaja kuchukua mtihani wa jiografia wa kidato cha pili. Jina la faili lipo, ukubwa upo, ukifungua yanatoka matundu na alama zisizosomeka. Nikafungua lingine, hivyo hivyo. Faili za mwanzo zilikuwa salama, za baadaye zote zilikuwa maganda. Nilikaa usiku mbili nikichapa upya kurasa 41 kutoka kwenye karatasi za mkono, na nyingine sikuzipata tena mpaka leo.

Nilipoifungua kwa kisu, ndani ya lile kasha zito la bati mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ya simu, imegandishwa kwa gundi. Utapeli wake uko hivi: kidhibiti kinafundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa. Unaandika, kinapokea, na nafasi ya kweli ikiisha kinaendelea kusema "nimepokea" huku kikitupa au kikiandika juu ya vya zamani. Huwezi kugundua mpaka siku unapokuja kusoma. Kwa mhazili huo ni ukatili. Mtu amekukabidhi kitu, na wewe umemkabidhi mwongo.

Ndiyo maana mara hii sikuuliza kwanza ipi ni ya kasi kuliko zote. Niliuliza ipi nitaweza kuhakikisha kwamba ni ya kweli kabla sijaweka humo hata cheti kimoja cha mtu.

Zilizobaki mezani zilikuwa tatu: Kingston A400 ya GB 480, Crucial BX500 ya GB 480, na Samsung 870 EVO ya GB 500. Mbili za kwanza ni za bei ya chini na waranti yake ni miaka mitatu. Hazina ile RAM ndogo ya ndani ambayo kidhibiti hutumia kukumbuka ramani ya mahali kila kitu kilipo; ukizishindilia faili nyingi kwa mkupuo zinachoka mapema. 870 EVO inayo, na waranti yake ni miaka mitano. Niliulizia bei: A400 laki moja na elfu tano, 870 EVO laki moja na themanini na tano. Tofauti ya elfu themanini si ndogo. Ni kopi nyingi sana hizo.

Watu wengi hutishika na uhai wa SSD, kwamba inaandikwa ikichakaa. Ni kweli inachakaa, na mtengenezaji anataja kiasi: 870 EVO ya GB 500 ni terabaiti 300 za kuandikwa, A400 ya GB 480 ni 160, BX500 ya GB 480 ni 120. Nikachukua kalamu. Kazi yangu ya siku, pamoja na mambo ya Windows yenyewe, haizidi GB 10. Kwa mwaka ni terabaiti 3.65. Hata ile ya 120 ingenichukua miaka zaidi ya thelathini kuimaliza. Kwa hiyo nikaiondoa hofu hiyo kwenye mizani.

Kilichoamua ni mambo mawili. La kwanza, programu ya Samsung iitwayo Magician inaisoma diski na kukuambia kama ni ya kwao halisi au la, na mimi baada ya ile ya 2022 nilihitaji sana sentensi hiyo. La pili, hii ndiyo mashine ya meza ya mbele, inayobeba kazi zote. Nikasema kwenye meza ya mbele nitaweka ya laki moja na themanini na tano, na kwenye laptopu yangu ya akiba nitaweka ile ya bei ya chini. Sioni kama ni anasa. Ukiwa na hela ya kiti kimoja kizuri, unampa anayekaa siku nzima.

Kuhusu ukubwa, kazi zangu zote zilikuwa GB 96 tu. Ningeweza kuchukua GB 250. Nilichukua 500 kwa sababu SSD iliyojaa pomoni inapungua kasi. Inahitaji nafasi wazi ya kupanga vitu vyake. Na usishtuke ukiona Windows inasema GB 465 badala ya 500. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ya 240 itaonekana 223, ya 480 itaonekana 447. Hujaibiwa. Wateja watatu wameshanijia na hasira za aina hiyo kuhusu fleshi zao, nikawatuliza kwa kikokotoo.

Diski ilipofika stendi sikuiweka kwenye mashine moja kwa moja. Niliichomeka kwa nje kwanza, kwa waya wa SATA kwenda USB ambao niliununua elfu kumi na tano. Ni waya wa kukaa nao, utaukopesha mtaa mzima. Nikalinganisha namba ya bidhaa kwenye boksi na iliyo mgongoni mwa diski. Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure, nikatazama idadi ya saa ambazo diski imewahi kufanya kazi: sifuri. Magician ikasema ni halisi. Kisha nikaendesha H2testw, programu ndogo ya Kijerumani inayoijaza diski yote kwa data na kuisoma yote tena, ikilinganisha kila kitu. Ile ya 2022 ingeanguka hapo. Hii niliiacha ifanye kazi yake, nikaenda kupika. Niliporudi ilikuwa imeandika kwa kijani kwamba hakuna kosa. Nilikaa kwenye kiti nikaitazama ile kijani kwa muda.

Hadidiski ya zamani nayo niliipima kwa CrystalDiskInfo, ikatoka ya njano: sekta kadhaa, yaani vipande vidogo vya sahani, zilikuwa zinasubiri kubadilishwa kwa kuwa hazisomeki vizuri. Hapo ukiona njano, usianze kwa kunakili diski nzima kwa mkupuo. Toa kwanza kazi za watu. Nilihamisha folda moja moja kwenda kwenye diski ya nje, nikianza na zisizo na nakala popote, na faili mbili za mwaka 2020 ziligoma kabisa. Nyingine zilitoka, nyingine kwa kubembelezwa.

Kwa sababu ya njano hiyo nikaamua kuweka Windows upya badala ya kuihamisha ile ya zamani na magonjwa yake. Kufunga diski kwenyewe ni dakika kumi: bisibisi, plagi mbili, basi. Inchi 2.5 haikai vizuri kwenye kitanda cha inchi 3.5, na kibao cha kushikizia sikuwa nacho, nikaifunga kwa gundi ya pande mbili kwenye ukuta wa boksi. Hakuna kinachozunguka ndani yake, haidhuriki. Kwenye BIOS, ambayo kwa Dell unaingia kwa F2, niliweka SATA iwe AHCI, hali ya kisasa ya mashine kuzungumza na diski, kabla ya kuanza kuweka Windows. Anayehamisha Windows ya zamani aiache hali hiyo kama alivyoikuta, maana ukiibadilisha katikati inaweza kukataa kuwaka.

Nikabonyeza kitufe. Saa mkononi. Sekunde 34 na Word iko wazi, karatasi nyeupe inasubiri.

RAM niliiongeza wiki mbili baadaye, kijiti cha GB 4 cha DDR3, ikawa GB 8. Nilifanya hivyo kwa makusudi, nijue kipi kimeleta nini. Muda wa kuwaka haukubadilika sana. Kilichobadilika ni pale ninapofungua fomu ya mtandaoni, barua pepe na PDF za mteja kwa pamoja. Zamani kivinjari kilikuwa kinasahau ukurasa na kuanza upya. Mwenye hela ya kimoja tu aanze na SSD. Mwenye GB 2 za RAM afanye vyote viwili, la sivyo atakuwa amefunga mlango mmoja na kuacha dirisha.

Kuna visivyobadilika. Mtandao ni ule ule, na tovuti ikielemewa na waombaji, SSD yako haiwezi kuisaidia. Printa ni ile ile. Na umri wa prosesa uko palepale: Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, mashine yangu haimo. Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojiandikisha kupata masasisho ya ziada ya usalama wameongezewa mwaka mmoja. Nimejiandikisha, na pembeni najifunza Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, na LibreOffice, ya kutumia badala ya Word, kwenye laptopu, taratibu, kama nilivyojifunza kompyuta baada ya taipureta. Herufi ni zile zile, vidole vitafika.

Jambo moja lilinitia wasiwasi na bado linanitia. Hadidiski ikitaka kufa mara nyingi inakuaga: inakwaruza, inachelewa, inatoa njano. SSD inaweza kuzima ghafla siku moja bila neno. Na za kawaida kama yangu hazina akiba ya umeme ndani, kwa hiyo umeme ukikatika wakati inaandika, kilichokuwa njiani kinaweza kupotea. Nimenunua UPS ndogo, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Inanipa dakika chache, zinatosha kuhifadhi na kuzima. Kila Ijumaa jioni nanakili kazi zote kwenye diski ya nje, na diski hiyo hailali dukani, inalala nyumbani kwangu Cheyo.

Ile hadidiski ya zamani watu wawili wameshaiomba, mmoja akitaka kuweka muziki. Nimekataa. Ina namba za NIDA za watu, vyeti, barua za talaka, wosia mmoja. Kufuta faili hakuondoi kilichoandikwa kwenye sahani. Kinabaki hapo mpaka kiandikwe juu yake, na fundi mwenye programu anaweza kukirudisha. Somo la kwanza nililopewa chuoni, kabla ya hata kugusa taipureta, lilikuwa kutunza siri ya karatasi iliyopita mkononi mwako. Nimeifungia kwenye kopo la biskuti, iko juu ya kabati.

Imebaki laptopu, Dell Latitude E6420. Safari hii nimefungua kwanza. Skrubu mbili chini, diski inateleza nje kwa ubavuni. Nimeipima kwa rula ya shule: iliyomo ina unene wa milimita 9.5, na SSD za sasa ni milimita 7, kwa hiyo itacheza kidogo nisipoiwekea kifremu cha plastiki pembeni. Nimeandika kwenye karatasi namba saba za kibandiko, unene, na neno SATA kwa herufi kubwa, nikaipiga picha karatasi hiyo nikamtumia mpwa wangu.

Amenijibu: "Shangazi, hiyo imetosha. A400 ya 240 inaondoka na basi la Alhamisi."